Kivuli Mbele ya Mwezi Kutoka

Mukitaka kucheka, mucheke sasa mumalize, maana nikianza sipendi muntu anikatize. Hii ilinifikia mi mwenyewe, hapa Baraka, kwenye muchanga wa ziwa. Sikuwa na homa. Sikuwa nimelala. Kunywa sinywi, wallahi, hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi, sijui ladha yake.

Kwanza mujue kitu kimoja, benye hamukuzaliwa huku. Kwetu mwezi njo mukubwa wa kazi. Unatokea kule ng'ambo ya ziwa, juu ya Ubwari, unazama nyuma ya milima ya Fizi. Ukiwa mudogo unazama mapema, giza inabaki, bavuvi banaingia na taa zao, ndagala, zile samaki ndogo, zinafuata mwangaza. Ukijaa, taa inakuwa bure, samaki zinatawanyika. Siku zile mitumbwi inalala kwenye muchanga, banaume banashona nyavu, na sisi bamama benye tunaanika ndagala tunabaki mikono mitupu. Halafu, mwezi ukishapita kujaa, kila magaribi unachelewa kidogo. Siku ya tatu unatoka karibu saa mbili na nusu. Munaona sasa? Kati ya jua kuzama na mwezi kutoka kunabaki kipande cha giza. Bazee ba hapa banakikataza. Hakuna kuingia ziwani mpaka siku ya sita. Sababu habasemi, na mi kitu chenye hakina sababu kinanikasirisha sana.

Ndugu yangu Amisi, wa tumbo moja, njo mukubwa wa ekipe: mutumbwi mumoja, banaume batano. Ile siku ya tatu nilimuchokoza kutoka asubuhi. Ilikuwa siku ya nane tunakula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, batoto bananiangalia tu. Nikamuambia jikoni, "Amisi, unaogopa mwezi kama mutoto? Giza inatosha. Ingia, utoke, nani atajua?" Kinywa changu hiki kikianza hakifungi. Amisi akatoka. Jioni nikaona anafunga betri za taa. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Jua likazama. Amisi na benzake balikuwa banasukuma mutumbwi, hatua kama hamsini kutoka kwangu, taa zote zimezimwa ili basionekane. Mi nilikuwa nakunja bashi zangu, yale maturubai ya kuanikia. Giza ilikuwa nzito, mukono wangu mwenyewe sikuuona vizuri. Njo mwanamuke mumoja akafika, beseni tupu kwenye kichwa.

"Jambo mama. Balisharudi?"

"Ba nani?"

"Benye baliingia kwenye giza, mbele ya mwezi kutoka."

 Nani amemuambia mambo ya Amisi? Nikamujibu hakuna muntu ameingia. Hakusikia, ao alijifanya hasikii. Akasema polepole, "Mi njo nilimutuma wangu. Nilimuambia giza inatosha."

Munaniamini? Maneno yangu ya asubuhi, yaleyale, yenye nilisema jikoni tukiwa babili tu. Nikainamisha macho kwa haya. Njo nikaona kivuli chake.

Kilikuwa kirefu, kimelala kwenye muchanga kuelekea milima, na beseni kwenye kichwa, vile vivuli vyetu vinalala mwezi ukitoka tu Ubwari. Nikageuka haraka. Ubwari hakuna kitu, giza tupu. Nikaangalia miguu yangu: mi sina kivuli. Na beseni lake lilikuwa linang'aa upande mumoja, upande wa ziwa.

Niambieni, mungefanya nini? Kukimbia? Miguu ilikataa. Akaniomba kwa sauti nzuri, sauti ya mama mwenye amechoka kabisa: "Mama, nisaidie kungoja kidogo." Na mi, vile tulivyolelewa, muntu mukubwa akikuomba kitu kidogo humukatalii, nikasema, "Sawa, mama."

Sawa! Heshima gani ya ujinga ile!

Hapo nikasikia mutumbwi unaingia kwenye maji. Miguu ikarudi. Nilikimbia mpaka maji ikanifika kiunoni, nikashika ukingo, nikapanda, nikalala juu ya nyavu nikipiga makelele, "Hamuendi! Hamuendi!" Amisi alinitukana matusi yenye siwezi kurudilia hapa. Banaume bakanivuta miguu. Sikuachilia. Tulipigana pale muda murefu, mpaka mwangaza ukatufikia: mwezi wenyewe, umekatwa kidogo upande mumoja, unapanda juu ya Ubwari kwa saa yake. Giza ikaisha, safari ikafa.

Nikaangalia kwenye muchanga. Yule mama alikuwa angali wima palepale, mbalamwezi yote juu yake. Mitumbwi iko na vivuli, miti iko na vivuli, yeye hana. Amisi naye alimuona. Akaacha kunivuta. Halafu mama akashusha beseni, kama muntu mwenye amemaliza zamu yake, akaenda upande wa milima. Hakugeuka hata mara moja.

Ziwa lilikuwa tulivu ule usiku. Ekipe ingine iliiba giza ileile na ikarudi na ndagala tele, na mpaka leo bananicheka sokoni. Amisi hakucheka. Lakini njaa anaijua, miezi imepita, na sasa ameanza kusema labda tuliona vibaya.

Hatukuona vibaya. Kila mwezi, siku ya tatu kisha mwezi kujaa, ninachukua betri zake, ninazifungia chumbani kwangu, tunagombana, analala na hasira. Alale nayo, bora yuko muzima. Halafu jua likizama ninashuka kwenye muchanga, maana nilisema sawa, na nikikataa kushuka silali. Sibebi kitu. Ubwari iko giza. Na kivuli changu kiko pale, kirefu, kinaelekea milima, kimebeba beseni.

Basi we mwenye unanisikiliza, usimusukume muntu wako kwenye kile kipande cha giza, hata batoto balie namna gani. Na ukipita kwenye muchanga wa Baraka saa ile, mama mumoja akuombe umusaidie kungoja, mutukane ukitaka, kimbia, lakini usiseme sawa. Hata kama huyo mama ni mi.