Hodi kwa Mkunazi

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, nusura nimpoteze shoga yangu wa pekee kwa sababu ya neno hodi. Nililikumbuka juzi, mjukuu wangu aliporudi masomoni ng'ambo akanieleza kuwa huko kuna watu wanaotukuza miti na mwezi, na wenyewe wanajiita wapagani. "Bibi," akaniuliza, "huyo bibi yako aliyekuwa akisema na miti, naye si alikuwa mpagani?" Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Lau angelisikia mwenyewe, tungelikula kandambili sote wawili.

Tulikuwa tumetimiza mwaka tangu kutoka Unguja. Tulikaa Wadi Kabir, huko Omani, ambako siku hizo hakukuwa na magereji wala teksi. Kulikuwa na visima, mitende na mbuzi wenye kiburi. Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza na watoto wakinicheka. Zuweina, mtoto wa jirani, ndiye aliyekuwa hanicheki. Au tuseme alicheka, lakini huku kanishika mkono.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na mkunazi mkubwa, na Bibi yangu akichuma majani yake ya kukoshea nywele. Akifika, husimama hatua tatu nyuma akaita kama yuko mlangoni kwa watu: "Hodi! Hodi! Hodi!" Hungoja. Kisha husema bismillahi, akachuma kidogo, akaupapasa ule mti na kuushukuru. Mie nilidhani dunia nzima inafanya hivyo.

Zuweina alimwona, akaenda kumhadithia mama yake. Kesho yake nilipokwenda kumwita tucheze, Mama Zuweina alinizuia mlangoni.

"Bibi yako anambishia nani pale mtini?" aliniuliza kwa Kiarabu. "Pale hapana nyumba. Anawaomba ruhusa majini. Huo ni ushirikina, na mwanangu hatacheza na watu wa namna hiyo."

Nililia, wallahi, mpaka kamasi zikaniingia mdomoni. Nilimwonea Bibi hasira kuliko nilivyomwonea Mama Zuweina. Basi nikaamua kuwaonyesha watu kuwa mie simo. Asubuhi, Zuweina akichungulia juu ya ukuta, niliuendea mkunazi kifua mbele, bila hodi wala bismillahi, nikakamata tawi na kulitikisa kwa nguvu zangu zote.

Kumbe nyigu walikuwa wamejenga humo.

Sikumbuki nilivyopiga kelele, ila Zuweina anasema hata punda wa muuza maji alinijibu. Mama yake alitoka mbio, akanifunika kwa shela lake, akanibeba mpaka kwetu. Mlangoni, pamoja na haraka yote ile, akasimama na kuita, "Hud! Hud!" Ndivyo Waomani wanavyobisha.

"Karibu!" alijibu Bibi kutoka ndani, kisha akaniona. Mdomo wangu ulishakuwa kama sambusa. "We mwana we! Hukubisha hodi?"

Nikatikisa kichwa. Mama Zuweina Kiswahili hakijui, lakini neno hodi alilielewa, maana lilikuwa lake pia. Hapo hapo akataka kujua, uso kwa uso, kama Bibi anauabudu ule mti. Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha kusomea Kurani, si cha kugombania, kwa hiyo mkalimani nikawa mie na sambusa yangu.

"Mwambie nnamwabudu Mola peke yake," alisema Bibi, huku akinipaka siki. "Mti si Mungu. Lakini si wangu pia, ni wa Mola. Nikija nyumbani kwake yeye, nnabisha hodi. Hapo kwa Mola mwenyewe ndiyo niparamie tu? Tena ukibisha unasimama, na ukisimama unawaona nyigu."

Nilifasiri nilivyoweza. Neno la nyigu sikulijua, nikafanya "zzzz" na kuuonyesha mdomo. Mama Zuweina alijikaza, akajikaza, mwisho akaangua kicheko mpaka akakaa chini mkekani, na Bibi naye akacheka, na mie nikacheka ingawa iliuma. Bibi akasema yanatakiwa majani ya mkunazi yatwangwe nibandikwe. Mama Zuweina akainuka mwenyewe kwenda kuyachuma.

Haukupita muda Zuweina akaja mbio, macho yamemtoka. "Mama kabisha hodi mtini! Kwanza katazama huku na huku, halafu kabisha. Tena kangoja!"

Jioni ile tulicheza mpaka tukaitwa mara tatu.

Haya, mjukuu wangu, jibu lako hilo. Hao wa ng'ambo siwajui na siwezi kuwasemea. Bibi yangu alikuwa Mwislamu mwenye adabu ya mlangoni, ila kwake yeye mlango ulianzia mbali zaidi kuliko kwetu. Mie nilimwonea haya, na nimekaa na haya hiyo miaka mingi kuliko nilivyokaa na uvimbe.

Siku hizi nakaa Bawshar, na nimepanda mkunazi karibu na geti. Zuweina akija, sote vikongwe sasa, nasikia gari ikizima, kisha nasikia hodi ya kwanza, pale mtini. Anangoja. Ya pili ndiyo ya mlangoni. Nami zote mbili humwitikia, "Karibu!"