Mashine Sikioni mwa Baba

Mimi sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nimekalia siafu tangu utotoni, na kazi niliyoipata ukubwani haikunisaidia. Nashughulika na usalama wa kompyuta, maana yake kutwa nawaza nani anaweza kuingia wapi, kwa mlango gani. Nikirudi nyumbani bado nawaza. Ofisini kwetu kuna watu wazima, wenye shahada, ambao nywila yao ni jina la mtoto na wameibandika kwenye kioo cha kompyuta wasije wakaisahau. Nawapenda kama binadamu, ila jioni wananifanya nitembee huku na huko kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Habari za teknolojia nazo siku hizi zinanichosha. Kila wiki tunaambiwa akili mnemba inakuja kutunyang'anya kitu: wiki hii kazi, wiki ijayo wachumba. Naona nusu yake ni kelele za wenye kuuza. Anayewaliza watu Dar bado ni mtu, tena mwenye sauti ya upole, anayekupigia na kukuita mama. Hayo nimeyasema mara nyingi kijiweni kwa baba, Gongo la Mboto, na hakuna aliyewahi kunisikiliza mpaka siku niliyotamani wasinisikilize.

Kijiwe chenyewe kiko mbele ya banda la fundi viatu, ukuta kwa ukuta na chumba cha gemu ambamo vijana wanashinda na padi mikononi wakigombania mpira wa kwenye runinga. Wazee hulalamika kwamba gemu zinawaharibu watoto. Wanalalamika hivyo huku wao wenyewe wameinamia ubao wa drafti tangu asubuhi, wakisukuma vizibo vya soda. Nimewahi kuwaambia tofauti ni umeme tu. Walinicheka, wakaendelea kusukuma.

Baba alitoka Masasi akiwa kijana, akaajiriwa kiwanda cha nguo, na mitambo ya kufumia ikamla masikio taratibu mpaka alipostaafu. Fundi viatu ni mtani wake. Kwa watu wa nje maneno yao ni matusi matupu, lakini kwa watani hayo ndiyo mapenzi, na drafti bila maneno ni kama ugali bila mboga: utashiba, lakini hujala. Baba alipofikia mahali hasikii tena, wenzake wanacheka yeye anatazama midomo, akaacha kwenda kijiweni. Hakusema kwa nini. Alikaa tu barazani.

Nikamwekea mchezo wa drafti kwenye simu ili apate cha kufanya. Alipigana na simu ile miezi, akiiita "huyu bwana mdogo," akifungwa na kuanza upya. Baadaye nikampatia kifaa cha kusikia, kile kidogo cha nyuma ya sikio, na siku hiyo hiyo akavaa kofia yake akaenda kijiweni. Alirudi anacheka peke yake njiani. Kumbe hakwenda kucheka tu. Bwana mdogo alikuwa amemfundisha. Akaanza kuwafunga wote, mmoja baada ya mwingine, na fundi viatu zaidi ya wote.

Jioni moja nikapita kutoka kazini. "Shikamooni wazee." "Marahaba mwanetu." Nikasimama pembeni, nabadilisha miguu kama kawaida yangu. Dereva mmoja wa bodaboda, msomaji mkubwa wa habari za simu, alikuwa akiwasimulia kuhusu mchezaji wa sataranji wa huko ughaibuni anayeshukiwa kupewa mbinu na mashine aliyoificha mwilini. Alipomaliza, macho yote yakaenda kwenye sikio la baba.

"Sista," dereva akaniambia, "we ndo mtu wa kompyuta. Kile kidude cha mzee si kina bluetooth? Mashine haiwezi ikawa inamnong'oneza?"

Mtu mwingine yeyote angesema haiwezekani, mambo yakaisha. Lakini katika kazi yetu neno hilo ni haramu. Kila aliyewahi kusema mfumo wake hauwezi kuingiliwa, aliingiliwa. Mdomo wangu ukajibu kama niko ofisini.

"Kinadharia inawezekana," nikasema, "lakini..."

Hakuna aliyeisubiri lakini yangu. Kijiwe kizima kilipasuka. Nikaeleza kwamba kifaa kile ni cha bei nafuu, hakiongei na simu yoyote, na hata kingeongea, nani angekuwa anautazama ule ubao na kuipelekea mashine kila hatua? Nilikuwa naeleza kwa watu waliokwisha kutoa hukumu. Na baba alikuwa akisikia kila neno, kwa sababu ya kifaa kile kile.

"Mtani, mie siamini," fundi viatu akasema. "Lakini watu washasema. Vua, tumalize ubishi."

Baba akakivua. Akanipa bila kunitazama. "Shika."

Wakacheza. Nilikibana kiganjani, kikaanza kupiga mluzi mwembamba, kama vinavyofanya vifaa vile vikifunikwa. "Sikieni, mashine inamtafuta!" mtu akasema, wakacheka. Baba akainua kichwa kuona kinachochekwa, akachelewa, akainama tena. Nilitaka kuondoka, nilitaka kukaa, nilitaka kumpiga mtu. Nilizunguka banda lile mpaka fundi viatu akaniomba nisimkanyagie gundi. Na yeye hakunyamaza hata mara moja. Mazoea hayana breki. "Mpeni ale, mgonjwa hanyimwi chakula!" Kisha akasema jambo lililowafanya wazee washike mbavu, na baba akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu aliyefika mgeni kwenye harusi. Hilo lilinichoma kuliko tuhuma yenyewe.

Baba alishinda. Alishinda vibaya sana, fundi viatu akabaki na kizibo kimoja kimekwama pembeni. Nikadhani yamekwisha. Dereva wa bodaboda akainua mkono. "Basi iwe sheria. Mzee akicheza anavua, haki iwe sawa kwa wote." Wakaitikia. Fundi viatu hakuitikia, alikuwa anapanga vizibo upya. Lakini hakupinga pia.

Tukarudi nyumbani. Karibu na kona ya msikiti baba akanyoosha mkono, nikampa kifaa chake, akakipachika sikioni akiwa amesimama.

"Mtani wangu alikuwa anasemaje?"

"Alisema umecheza vizuri, baba."

Akanitazama. "Mtani wangu hawezi kusema maneno hayo. Sema."

Mtoto hamtajii baba yake kifo chake. Sikulelewa hivyo. Nikageuza uso upande wa ukuta, nikasema haraka haraka, nusu ya maneno nikiyameza: "Alisema siku ukizikwa, malaika watapata tabu. Watakuuliza swali la kwanza, wewe utawajibu, 'Hebu semeni kwa sauti!'"

Baba alicheka mpaka akaushika ukuta. Alicheka akakohoa, akafuta macho kwa kofia, akaanza tena. Watu waliotoka kuswali walitugeukia. Nami nikajikuta nimesimama tu, miguu yote miwili chini.

"Limekuja limepoa," akasema alipopata pumzi. "Wewe hujui kulisema." Akakigusa kile kidude nyuma ya sikio, kuhakikisha kimekaa. "Kesho navaa."

"Watakukataza kucheza, baba."

"Wanikataze. Nitakaa pembeni, nisikilize."