Mikeka Chini ya Bati

Enzi zetu bati lilikuwa cheo. Sisi tuliokulia Msamala, hapa Songea, tuliwajua wenye bati wote kwa majina, na ukitumwa mahali ulielekezwa kwa bati: "Ukifika nyumba ya bati, kata kushoto." Sisi wengine tulikuwa watu wa nyasi. Asubuhi moshi ulipenya juu ya paa polepole, ukajua kwa jirani uji umebandikwa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitenge, redio, mitumba, na mabati yasiyohitaji kibali cha mtu. Malori yakaanza kufuata mahindi hadi mlangoni. Baba yangu, aliyekuwa na mkono mzuri wa mahindi, akatangaza kwamba mwaka ule nyumba yetu inavua nyasi.

Mimi leo nina stashahada ya ujenzi. Nilijisomesha mwenyewe Dar es Salaam kwa kuuza vitumbua alfajiri na kubeba zege mchana, nimesimamia maghorofa, nimerudi nyumbani na gari langu, na sioni haya kuyasema. Lakini somo la kwanza la paa sikulipata chuoni. Nilifundishwa na Bibi, mama yake baba, ambaye hakuwahi kushika kalamu.

Bibi aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya nyasi nyuma ya kwetu. Ukuta wake ulikuwa umepasuka hadi vifaranga walikuwa wakipita, na baba aliogopa kwamba masika yale yangeuangusha. Alimbembeleza ahamie kwetu. Bibi alikuwa amebakiwa na sikio moja, nalo zito.

"Mvua chini ya bati inafoka," alisema. "Nikae humo niangalie midomo yenu inavyocheza? Nitabaki kwangu. Huku nasikia mpaka kuku wangu wakigombana."

Watoto wote tulielewa maana yake. Nyumba isipokuwa tulivu, Bibi haji, na mvua itamkuta chini ya ule ukuta.

Basi maneno yote yakawa juu ya kitu cha kuweka chini ya bati. Fundi Athumani, mtu wa Tunduru mwenye masihara mengi, alitaka nailoni nyeusi, ili tone litakalopenya kwenye msumari lisifike ndani. Bibi alitaka mikeka ya matete, ya kumeza kelele. Baba akawasikiliza wote wawili: mikeka itandazwe juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nailoni juu ya mikeka, papi, zile mbao nyembamba, zigongelewe kuishikilia, kisha bati. Miaka mingi baadaye mwalimu wangu chuoni alinifundisha jambo hilohilo kwa michoro na maneno marefu. Nilitabasamu tu.

Kwa wiki mbili hatukucheza rede wala kombolela. Tukitoka shule tuliteremka bonde la Ruhila kukata matete. Yalituchana viganja, na tuliporudi tulipewa mihogo ya kuchemsha na togwa iliyopoa kwenye mtungi. Bibi aliketi kwenye kigoda akitufundisha kusuka. Mkeka wangu ulipinda kama njia ya ng'ombe, na kamba ikaniishia mwishoni, nikamalizia kwa utepe wa bluu niliouchana kwenye pindo la sketi yangu ya shule. Mama alipouliza pindo limekwenda wapi, nilisingizia panya.

Siku ya kutandaza nailoni, Fundi Athumani alianzia juu, kwenye mgongo wa nyumba, akawa anashuka. Kila kipande kipya alikilaza juu ya kile kilichotangulia. Bibi alimtazama, akashindwa kuvumilia.

"We fundi! Nyumba unaivalisha nguo kinyumenyume. Anzia chini, ndipo upande juu."

"Bibi yangu, hizi si nyasi. Hii ni nailoni ya kisasa."

"Na mvua yako nayo ni ya kisasa?"

Fundi akacheka, akashuka, akachukua kikombe chake cha chai na kuingia ndani, akasimama chini ya paa kuonyesha kwamba hana wasiwasi. Bibi akanigeukia mimi.

"Chota maji, panda."

"Mama, msichana hapandi juu ya nyumba," baba alisema.

"Kwani hana miguu?"

Nikapanda ngazi na kata ya maji, nikamwaga pale juu. Maji yaliteremka vizuri hadi kwenye maungio ya kwanza, yakazama. Ndani tukasikia, "Lahaula!" Fundi Athumani akatoka, kofia imelowa, kikombe kimejaa kuliko alivyoingia nacho.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ulinisalimia asubuhi, lakini hii ndiyo ya kweli. Sasa anzia chini, na vilaliane shubiri mbili."

Akabandua yote, akaanza upya kutoka chini.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, ikivuma kutoka milima ya Matogoro. Bibi aliingia na kigoda chake tu. Vyombo aliviacha kwake. Akaketi katikati ya chumba, akafumba macho. Juu yetu bati lilinguruma, lakini kwa mbali, kama lori linalopita barabara kuu. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Semeni basi, nisikie," akasema.

Mimi nikaropoka, "Bibi, pindo la sketi halikuliwa na panya." Akafumbua macho, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amesikia. Kesho yake tukahamisha kuku wake.

Mwaka huu nimeezua bati lile la nyumba yetu, lililokwisha kwa kutu. Nailoni ilipukutika mikononi mwangu, na mikeka mingi imeliwa na mchwa, ila kwenye kona moja nilikuta utepe wa bluu umeng'ang'ania matete mawili. Vijana wangu wa kazi walitaka kuanza kutandaza kutoka juu, kwa sababu waliona hivyo kwenye simu. Niliwateremsha, nikapanda mwenyewe. Nimeweka karatasi ngumu ya kuzuia maji, kuanzia chini, na juu ya dari magodoro mazito ya kumeza sauti. Songea nzima hakuna paa tulivu kama langu.

Juzi mvua ilinyesha, hata hatukuijua mpaka tulipochungulia dirishani. Wanangu na watoto wa dada yangu walikuwa sebuleni, kila mmoja ameinamia simu yake. Kimya kile alichokitaka Bibi kilikuwepo chote, na hakuna aliyekitumia. Nikavuta kigoda chake, nikaketi katikati yao.

"Semeni basi," nikawaambia, "nisikie."