Dada yangu, nyumbu na kitambaa cha kijani

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyashuhudia mwenyewe, na sehemu yenye aibu ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Dada yangu Mwajuma ana duka la vitambaa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, halafu anarudi dukani kubishana na wateja.

Tangu utoto wetu Masasi ana hamu moja: kuwaona nyumbu wakivuka mto kule Serengeti. Ukimwambia mbuga ya Mikumi ni karibu, anakujibu aliipita kwa basi akienda msibani Iringa, inatosha.

Mimi nimesoma chuo kikuu na huwa naandika makala. Moja ilisema utalii ni kuwauzia watu hamu ya maisha yasiyo yao. Dada aliisoma yote, akaniuliza, "Sasa profesa, nauli umeiandika ukurasa wa ngapi?"

(Sijawahi kuwa profesa.)

Mwaka huu akaingia dukani binti anaitwa Neema, msanii wa video. Alitaka kitambaa cha kijani, kipana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Cha harusi?"

"Cha kupeleka watu mbugani."

Akaeleza. Anawarekodi watu wa Kariakoo mbele ya kitambaa, anawauliza wangependa kuwa wapi, kisha kwenye kompyuta anaufuta ule ukijani na kuweka picha za mahali walipopataja.

Dada akamkatia kitambaa, akasema, "Anza na mimi."

Tulirekodi stoo, juu ya duka. Tatizo likawa macho. Dada alikuwa anaukodolea ukuta tu.

Neema akanigeukia. "Mjomba, naomba uwe nyumbu. Kimbia toka kule mpaka huku, macho yake yakufuate."

Wakuu, nina kitambi na goti bovu. Nilikimbia katikati ya marobota ya vitenge, nahema. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Ruka mto huo! Mamba huyo nyuma yako!"

Siku ya maonyesho ya Neema, kwenye ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja, video ilijaa ukuta mzima. Vumbi. Maji ya rangi ya chai. Nyumbu wanajitosa kundi kwa kundi, na mbele yao dada yangu anacheka kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Watu walipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Nikajiambia, haya, Dada ameshafika.

Nilipomtazama, hakuwa anacheka.

"Umewaona?" nikamuuliza.

"Wamewekwa nyuma yangu. Mimi pale namwangalia mdogo wangu anavyohangaika." Akamshika Neema mkono. "Kazi yako nzuri sana, mwanangu. Ila sasa ndiyo nataka kwenda."

Tulirudi kwa bajaji. Njiani akauliza, "Mashine kama ile yangu, huko zipo?"

Miaka yote nimeeleza hamu za watu, na swali hilo halijawahi kunijia kichwani.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani picha ingemtuliza, kumbe imemwasha. Mtu akikuambia anachokitamani, muulize kwanza safari yake inahitaji nini.

Daktari wake hajakataa. Amesema tu asizidishe siku mbili bila mashine.

Kwa hiyo wakuu, mwenye kujua hospitali ya njiani au jirani na Serengeti inayopokea mgonjwa mgeni wa kusafishwa damu, aandike hapa. Waliowahi kwenda, nyumbu huvuka lini, na gari linasogea karibu kiasi gani na ukingo? Hawezi kutembea sana.

Andikeni ukweli hata kama ni mchungu. Majibu atayasoma mwenyewe. Amenikataza kumfupishia.