Taa za Gari la Mbao

Miaka ile ya wakimbizi, mjomba wangu alijenga gari nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Katubuka. Chesisi na injini zilitoka kwenye pikapu iliyokufa. Bodi ilichongwa na maseremala wa mitumbwi wa Ujiji, mbao tupu, kuanzia boneti hadi nyuma. Zilibaki taa za mbele, na mkaguzi wa magari alikuwa anakuja Ijumaa. Asipolipitisha, mjomba angebaki na kabati lenye matairi.

Fundi umeme wa mtaa wa Mwanga akazifunga. Tulipowasha, zilitoa wekundu wa makaa yanayokufa, na indiketa zikawaka bila kuguswa.

"Balbu ndogo hizi," akasema. Akaweka kubwa. Hali ikawa ile ile.

Mimi nilikuwa nyumbani likizo ya chuo. Nikamuuliza indiketa zinatafuta nini.

"Msomi, hapa si chumba cha mtihani. Nimeanza kufunga taa wewe unanyonya."

Mjomba akanikata jicho: mkubwa haulizwi hivyo. Kwetu umri ni jibu, hata kwa swali la umeme.

Jikoni kwetu alikuwa amejificha Mrundi mmoja, shemeji wa jirani, aliyetoka kambini bila kibali. Kwao, upande wa pili wa mpaka, kazi yake ilikuwa kufunga taa na betri kwenye boti. Angeonekana mjini, angekamatwa. Kila mtu uani alilijua hilo. Fundi alipoondoka, Mrundi alitoka, akainama chini ya boneti, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee, huyu amefunga ethi kwenye ubao!"

Gari la chuma linahitaji waya mmoja tu kupeleka umeme kwenye taa. Bodi yenyewe inaurudisha kwenye betri, na hiyo ndiyo ethi. Ubao haurudishi kitu. Umeme ulikuwa unapapasa njia, ukapenyea kwenye indiketa.

"Kwenye boti hujifanyi mjuaji," aliniambia. "Ukiupeleka umeme, uurudishe mwenyewe. Ego, ndiyo, shika hapa."

Kwa siku mbili alivuta waya mweusi kutoka kila taa hadi kwenye betri, akaweka fyuzi, akaweka rilei ili moto mkubwa usipite kwenye swichi. Alinieleza kila hatua, na kila nilipouliza kwa nini, alijibu. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifanyia hivyo.

Ijumaa, mchana kweupe, taa zilichora maduara mawili meupe kwenye ukuta wa choo. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Aliyefunga hizi nyaya aje asaini fomu."

Mjomba hakusita hata kidogo. Akatuma mtu Mwanga. Fundi akaja na shati lililopigwa pasi, akasaini. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa.

"Mbona ethi umezirudisha zote kwenye betri?" mkaguzi akamuuliza.

Fundi akatazama waya, akamtazama mjomba, kisha akanitazama mimi.

Ningeweza kumwacha azame. Lakini lingefuata swali la pili, nani basi kafunga, na jibu lilikuwa hatua kumi kutoka tulipo. Kwa hiyo nilijibu mimi. Nilieleza ubao, nikaeleza njia ya kurudi, kwa maneno yale yale niliyofundishwa.

"Kumbe chuo kinasaidia!" mkaguzi akacheka, akagonga muhuri. Mjomba akanipiga bega kwa fahari, naye fundi akasema, "Huyu kijana nimemlea mimi."

Nilitaka kupiga kitu. Sheria ilimfanya mtu anayejua awe kosa, na asiyejua awe saini. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya wote wawili.

Walipoondoka niliingia jikoni. Mrundi alikuwa amekaa juu ya ndoo, nyuma ya gunia la mkaa.

"Limepita?"

"Limepita."

"Mkaguzi aliziona waya? Alisema nini?"

"Alisifu."

Akatabasamu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Alimsifu nani?"

Nikamwambia: mimi.

Akabaki akiitazama mikono yake. "Ulieleza vizuri lakini?" akauliza. "Hukuisahau rilei?"