Nipe Moto, Ndege Yangu Imelowa

Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana nikifika katikati hamtacheka. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi, asubuhi kweupe, kwenye kiwanja cha ndege cha majani karibu na Machochwe, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa.

Mke wangu Ghati alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya. Nesi akaomba msaada kwa redio ya askari wa wanyama, akajibiwa kwamba ndege itakuja asubuhi kumpeleka Mwanza. Akaniambia, "Baba, kazi yako ni moshi tu. Choma majani mabichi mwanzo wa kiwanja, rubani ajue pa kutua."

Nikawasha. Ukungu ulikuwa mzito, unaona hatua kumi basi. Akatokea mzungu kijana, koti la ngozi, miwani mikubwa kaipandisha kwenye paji la uso, mfuko wa barua begani. Anachuruzika maji. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima, lakini sikujiuliza.

"Jambo, bwana," akasema. "Nipe moto. Ndege yangu imelowa, inatetemeka, haiwezi kuruka."

Sasa sikilizeni kosa langu. Sisi Wakurya Kiswahili tumekikuta shuleni na mnadani. Kwetu ng'ombe imekufa, mbuzi imepotea, yote sawa tu. Mtu wa pwani angeshtuka pale pale kwa ile "imelowa". Mimi nikadhani ni kware, au tai. Si wazungu wa mbugani walikuwa wanawafunga ndege pete miguuni? Nikacheka moyoni. Na kwetu anayeomba moto hanyimwi. Nikachomoa kijinga kinachowaka, nikampa.

Vidole vyake vikanigusa. Niaminini, vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Asante," akasema. "Nimeomba siku nyingi, watu wananikimbia." Akashuka kwenye korongo lililo kando ya kiwanja.

Mara mngurumo juu. Ukungu ukaanza kuachana, nikaona moshi wa pili, mnene kuliko wangu, unapanda kutoka korongoni. Ndege ikageuza pua kuufuata. Nilipiga kelele, nikavua shati, nikapunga. Nani angenisikia? Magurudumu yalikaribia kugusa miti, ikainuka kwa shida, ikaondoka zake.

Nilishuka kule korongoni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na vyuma vya ndege vilivyoliwa na kutu, mti umeota katikati yake. Kijinga changu kimelala juu ya majani makavu, kimezima, kinachuruzika maji. Hakuna jani lililoungua. Baadaye wazee waliniambia kuwa zamani za Mwingereza ndege ya barua ilipotelea upande huo ikienda Mwanza.

Ndege yetu ilirudi saa tisa alasiri. Ghati alipona. Mtoto hatukumpata, alikuwa wa kiume. Rubani aliniuliza, "Yule mwenzako aliyekuwa ananipungia kule korongoni ni nani?" Nikasema simjui.

Ghati anaamini ni ukungu uliochelewesha ndege, nami nimemwacha aamini. Lakini kila ukungu ukishuka nasikia mngurumo unazunguka juu ya paa letu, hautui, hauondoki. Naogopa mpaka leo, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo mtu akiwaomba moto huko kwa ajili ya ndege, msione haya kuuliza kwanza, ni ndege huyo au ndege hiyo? Mimi sikuuliza, nikampa moto wa mwanangu.