Mikono ya Kyalo Ilipoinuka

Naikumbuka Jumanne ile, wiki ya tatu tangu tumzike mke wangu Mwikali. Nilikuwa nimepoteza hata maneno yake. Yalikuwa ndani ya kile kitabu cha umeme alichokuwa akisomea na kuandikia, na neno la siri alikwenda nalo.

Mwanangu, nikakipeleka mjini Mutomo kwa Kyalo, fundi wa simu. Akanieleza polepole: tukikiwasha kwa programu itokayo kwenye kompyuta, kupitia waya wa USB, badala ya ile yake, tutaingia kama "root", yaani mwenye boma, asiyefungiwa mlango wowote.

Akakifungua mgongo. Mkono mmoja ukashika sindano iliyounganisha nukta mbili ndogo za chuma, wa pili ukashika waya, maana tundu lake lilikuwa limelegea.

"Nisiachilie hata kidogo mpaka huu mstari wa kwenye kompyuta ufike mwisho," akasema.

Kwetu hakuna jambo linaloanzwa bila maombi, nami ni mzee wa kanisa. Nikavua kofia. Niliombea waya, nikaombea mvua, nikaombea mpaka mbuzi wa jirani. Roho iliponipanda nikasema, "Sasa tuinue mikono yetu kwake!"

Kyalo amelelewa vizuri. Akainua yote miwili.

"Asi! Mzee, umeniponza!"

Kioo cha kitabu kilikuwa cheupe kama unga, hakina hata herufi. Nilidhani nimemzika Mwikali mara ya pili.

Akaanza upya. "Safari hii, mzee, omba kimoyomoyo. Na mikono yako iweke mfukoni."

Kikafunguka. Nikatafuta maandishi ya Mwikali nikitarajia wosia. Nikakuta hivi: "Leo Baba Mutheu ameombea chai dakika kumi na nne. Imepoa." Baba Mutheu ndimi. Ukurasa mwingine: "Kumi na sita. Nimeipasha mara mbili. Lakini kwa sauti ile, hata ikipoa nitainywa."

Nililia huku nikicheka. Kyalo akajifanya anatafuta sindano.

Haraka haraka haina baraka, ni kweli, lakini hata baraka ina watu wanaoingoja. Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujafumba macho kuomba, tazama nani ameshika nini. Na yule anayekupenda kimya, muulize chai yake ikoje angali hai.

Mungu akulinde. Amina.

Haya, kunywa chai yako. Bado ina moto.